Kuishinda Aibu ya Tiba ya Nafsi: Nafasi ya Lugha katika Mtaa wa Majengo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hufundishwa katika shule za msingi, hupamba insha na husikika katika hotuba za wahudumu wa afya, nayo hukubaliwa bila ubishi maradhi yanapokuwa ya kifua, ya tumbo au ya mifupa. Yanapokuwa ya nafsi, mambo hugeuka. Mtu yule yule anayemhimiza jirani yake kwenda kupimwa malaria humshauri anyamaze na avumilie pindi anapomwambia kwamba huu ni mwezi wa pili hapati usingizi, kwamba chakula hakimpiti kooni, au kwamba haoni tena sababu ya kuamka asubuhi.

Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha aibu hiyo na namna inavyoweza kushindwa. Ili mjadala usielee hewani, umejikita katika mtaa wa Majengo ulioko Pumwani, mashariki mwa jiji la Nairobi. Hoja inayoongoza makala ni kwamba Kiswahili, lugha ambayo mtaa huo umeitumia tangu kuasisiwa kwake, kina maneno mengi ya kueleza maumivu ya nafsi. Hata hivyo, mlango wa tiba umebandikwa neno moja tu, nalo ni “wazimu”. Madhali hakuna anayetaka kuonekana akiingia mlango wenye jina hilo, wengi hubaki nje wakiugulia.

Majengo na Mizigo Yake

Serikali ya kikoloni iliianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili iwe makao ya Waafrika waliohamishwa kutoka vijiji vilivyokuwa vimechipuka kandokando ya mji. Wakazi waliruhusiwa kujijengea nyumba kwa mtindo wa Waswahili, na sehemu hiyo ikaja kujulikana kwa jina la Majengo. Wengi wa wenye nyumba wa awali walikuwa Waislamu, na si haba walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, alionyesha jinsi wanawake kadhaa walivyojenga nyumba hizo kwa fedha walizozipata kwa kuuza miili yao, kazi ambayo jamii iliilaani huku ikilala katika vyumba vilivyotokana nayo.

Nyumba ya Majengo ina ukumbi mwembamba katikati na vyumba kila upande. Aghalabu chumba kimoja huwa makao ya familia nzima, nao ua, bomba na choo hutumiwa na wote. Ukaribu huu hujenga ujirani mwema: mgonjwa hakosi wa kumpelekea uji, na mfiwa hakosi wa kumkalia tanga. Wakati huo huo, ukaribu huo huo huua siri. Kilio cha usiku husikika chumba cha pili, na anayeondoka asubuhi kwenda kwa daktari huulizwa aendako na watu watano kabla hajafika barabarani. Kwa hiyo, mkazi wa Majengo anapoficha huzuni yake, haifichi kwa ujinga. Huficha kwa kuwa anajua bei ya siri inayovuja.

Mizigo yenyewe si michache. Soko la Gikomba lililo jirani, ambalo huwalisha maelfu ya wachuuzi, limeteketea mara kadhaa. Moto wa Juni 2018 uliua watu zaidi ya kumi na kuwaacha wengine wakianza upya bila mtaji. Katika miaka ya 2010, baadhi ya vijana wa mtaa walishawishiwa kwenda kupigana Somalia, na mama aliyebaki nyuma hakuweza kuomboleza hadharani wala kuuliza kwa sauti mwanawe yuko wapi. Hatua chache kutoka hapo ipo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoasisiwa mwaka 1926, ambako maelfu ya wanawake hujifungua kila mwaka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban mwanamke mmoja kati ya watano hupatwa na matatizo ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Mama huyo arudipo nyumbani na kulia bila sababu inayoonekana, huambiwa kwamba hana shukrani, au kwamba amepagawa.

Jina la Hospitali Linapogeuka Tusi

Kilomita chache kutoka Majengo, kando ya barabara ya Thika, ipo hospitali ya Mathari. Ilianza kama kambi ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikafanywa makazi ya wendawazimu ya Nairobi mwaka 1910, kisha ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Leo ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo. Hata hivyo, mitaani jina hilo limeacha kutaja mahali. “Huyu ametoroka Mathari” ni kauli ya kumdhalilisha mtu, na watoto huitumia katika michezo yao kabla hawajajua hospitali yenyewe iko wapi.

Mwanafunzi wa fasihi atatambua hapa kazi ya taashira: jina la mahali limesimama badala ya hali ya watu wanaohusishwa napo. Kenya haiko peke yake. Tanzania Bara jina la hospitali ya Mirembe, iliyoko Dodoma, hutumiwa kwa namna iyo hiyo, na Unguja jina la Kidongo Chekundu limepatwa na mkasa huo huo. Matokeo ya taashira hii ni mazito. Mtu akiambiwa aende kutibiwa mahali ambapo jina lake ni tusi, huwa ameombwa ajitukane mwenyewe.

Historia ya Mathari ina funzo jingine. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 hospitali hiyo ilisimamiwa na daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo wake na kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Mwaka uliofuata aliandika ripoti iliyoueleza uasi wa Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia, huku dhuluma ya ardhi ikisukumwa kando. Wanazuoni wa baadaye waliyapinga madai hayo kwa ushahidi. Ajabu ni kwamba mabaki yake yangali yanaishi vinywani mwa watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Carothers. Kila anayesema kwamba “sonona ni ugonjwa wa Wazungu” hudhani anautetea Uafrika, kumbe anakariri hukumu iliyotolewa na mkoloni dhidi ya Mwafrika.

Utajiri wa Msamiati Usiotumika

Ikiwa sonona ni ya Wazungu, basi ni nani aliyeyaunda maneno yafuatayo? Kiswahili kinatofautisha huzuni, ambayo ni ya kawaida na hupita, na simanzi, ambayo hutua na kukaa. Kina kihoro, yaani mshtuko wa msiba unaomwondolea mtu nguvu. Kina jakamoyo na wahaka, ambayo hueleza moyo usiotulia kwa hofu ya lijalo. Kina kiwewe, hali ya aliyeshuhudia jambo la kutisha hata akashindwa kujikusanya. Kina ukiwa, upweke wa aliyeachwa. Sonona nayo, ambayo wataalamu wameipokea kuwa istilahi, ni neno linalotaja uchungu unaotafuna moyoni. Lugha haiundi maneno kwa hali ambazo watu wake hawazijui.

Kasoro imo katika njia inayounganisha maneno hayo na tiba. Mtu mwenye jakamoyo haambiwi kwamba yupo mtaalamu wa jakamoyo. Huambiwa asubiri, kwa kuwa subira huvuta heri. Mwanamume mwenye kihoro huambiwa kwamba mwanamume halii. Mke aliyelemewa hukumbushwa kwamba mambo ya chumbani hayatolewi uani. Hali hizo zote huhesabiwa kuwa tabia, udhaifu au upungufu wa imani, hadi siku mgonjwa anapovua nguo barabarani au kujaribu kujitoa uhai. Hapo ndipo hupewa jina la kitabibu, na jina lenyewe huwa ni wazimu. Kati ya “vumilia” na “amerukwa na akili” hakuna kituo. Huko ndiko tiba ya nafsi ingepaswa kuwa.

Hata fasihi imeisawiri hali hii. Mhusika Kazimoto katika riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, hujiua baada ya kulemewa na maswali juu ya maana ya maisha. Riwaya hiyo imejadiliwa kwa miongo mingi kwa jicho la falsafa ya udhanaishi, na mjadala huo una thamani yake. Lipo pia swali jepesi ambalo huulizwa kwa nadra darasani: je, katika ulimwengu wa Kazimoto, nani angeketi naye akamsikiliza bila kumhukumu?

Tiba ya Mazungumzo ni Nini?

Sehemu ya aibu hutokana na kutojua kinachotendeka nyuma ya mlango. Ni vyema kwanza kuwatofautisha wahudumu. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea utabibu, na anaweza kuandika dawa na kumlaza mgonjwa. Mwanasaikolojia na mnasihi hutumia zaidi mazungumzo yenye utaratibu. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia taaluma ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014, hivyo si kila anayejiita mshauri ana haki ya kutoza watu fedha kwa kazi hiyo.

Katika tiba ya mazungumzo, mhudumiwa na mnasihi hukutana faraghani kwa muda wa saa moja hivi, mara nyingi kila wiki, kwa majuma kadhaa. Mnasihi hufungwa na kiapo cha kutunza siri, isipokuwa pale ambapo uhai wa mtu umo hatarini. Husikiliza, huuliza na humsaidia mhudumiwa kuona uhusiano kati ya mawazo, hisia na matendo yake. Ipo, kwa mfano, tiba ya fikra na mwenendo, iliyoasisiwa na Mmarekani Aaron Beck katika miaka ya 1960, ambayo humfundisha mtu kuzipima fikra zake kwa ushahidi. Mchuuzi aliyeunguliwa na kibanda akisema “mimi ni mtu wa mikosi, sitafaulu kamwe”, husaidiwa kuichunguza kauli hiyo, kisha kupanga hatua moja ndogo inayowezekana kesho.

Hapa istilahi “ushauri nasaha” imeleta utata. Ilienea sana Kenya kwa matukio mawili. La kwanza ni shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, ambalo liliua zaidi ya watu 200 na kuwafanya wanasihi wahudumu kwa wingi miongoni mwa manusura na wafiwa. La pili ni vituo vya kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari, vilivyoenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa sababu hiyo, wengi walilifungamanisha neno hilo na janga au na UKIMWI. Aidha, ushauri na nasaha ni maneno yanayomaanisha kuelekezwa na kuonywa. Anayeyasikia hutarajia kuhutubiwa, jambo ambalo nyumbani analipata bure. Istilahi kama “unasihi” na “tiba ya mazungumzo” zina nafasi ya kuanza upya, mradi zielezwe kwa mifano.

Dini na Tiba

Katika mtaa ambao adhana husikika kila nyumba, haiwezekani kuizungumzia nafsi pasipo dini. Wapo wanaoamini kwamba kila fadhaa ni kazi ya jini, na kwamba kwenda kwa mwanasaikolojia ni dalili ya imani haba. Historia ya Uislamu wenyewe haiungi mkono fikra hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, ambamo alieleza huzuni, hofu na wasiwasi kuwa hali zinazohitaji matibabu, akitumia fikra njema kama dawa. Mjini Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun, iliyofunguliwa mwaka 1284, iliwapokea pia wagonjwa wa akili. Dua na tiba ziliishi katika nyumba moja, wala hakuna iliyomfukuza mwenzake.

Maana yake kwa Majengo ni kwamba imamu, na vivyo hivyo mchungaji na padri, ni mlinzi wa mlango. Yeye ndiye husikia mara nyingi kabla ya daktari. Akimsomea mtu dua kisha akamwambia, “Sasa nenda ukaonwe na mtaalamu, nami nitaendelea kukuombea,” huwa ameiondoa aibu kwa sentensi moja ambayo mabango ya serikali hayawezi kuitamka.

Majengo Iliwahi Kuishinda Aibu

Huenda msomaji akauliza kama mtaa mmoja unaweza kubadili mazoea ya karne. Majengo ina jibu lake yenyewe. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walianza kuwahudumia na kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono Pumwani. Ulimwengu wa sayansi uliwafahamu wanawake hao baadaye kwa kuwa baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI licha ya kukabiliwa navyo kwa miaka. Lisilotajwa sana ni namna walivyofika kliniki. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi na mtaalamu wa afya ya jamii, alikwenda kwao badala ya kuwangoja. Alitumia mabaraza, wanawake wakachagua viongozi miongoni mwao, na ujumbe ukapitishwa kwa kauli za mtaani na wale wale waliofahamu maisha ya wenzao. Matumizi ya kondomu yalipanda sana. Wanawake waliodharauliwa na kila mtu wakawa walimu wa afya.

Jambo hilo linafundisha kanuni tatu: huduma iufuate mtaa, msemaji awe mwenyeji, na lugha iwe ya wenyewe. Kanuni hizo zimethibitika kwingineko katika tiba ya nafsi. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji majina ya Kiganda ya maumivu ya moyo, ndipo wakaanzisha vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria.

Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi ya urafiki katika mtaa wa Mbare, ambao kwa umri na msongamano ni ndugu ya Majengo. Nyanya wa mtaa waliofunzwa huketi na mtu kwenye benchi nje ya zahanati. Hutumia neno la Kishona “kufungisisa”, yaani kuwaza kupita kiasi, badala ya istilahi za kigeni. Utafiti uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba dalili za waliokaa benchini zilipungua zaidi ya za wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Nairobi yenyewe, utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake 518, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma za kijinsia, ulionyesha kwamba vikao vitano vilivyoendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii viliwapunguzia mfadhaiko.

Lugha ya Sheria

Sheria nayo imekuwa ikisogea. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022 ili kusisitiza haki za mgonjwa na wajibu wa serikali za kaunti. Jopo lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mnamo tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hadi siku hiyo, aliyeokolewa kutoka mautini aliweza kutoka kitandani kuelekea kizimbani. Ni nani angethubutu kusema ukweli mbele ya daktari?

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba aibu ya tiba ya nafsi katika Majengo ina mizizi inayoonekana: nyumba zisizo na faragha, hospitali ambayo jina lake limegeuzwa tusi, urithi wa kikoloni uliojificha katika kauli za kizalendo, na pengo la lugha kati ya uvumilivu na wazimu. Lugha pekee haitaleta madaktari wala haitapunguza kodi ya chumba. Hata hivyo, pengo la maneno ni kazi ambayo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanaweza kuianza bila kungoja bajeti.

Kwanza, vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kushirikiana na idara za saikolojia kuandaa faharasa ya istilahi za afya ya akili, ambayo itahakikiwa kwa wakazi wenyewe kabla ya kuchapishwa. Pili, istilahi hizo zipelekwe kwa wahudumu wa afya wa jamii, ambao hupita mlango kwa mlango na hawana budi kujua jinsi ya kumuuliza mama kuhusu simanzi bila kumtisha kwa neno wazimu. Tatu, walimu wa fasihi wafundishe methali za subira sambamba na zile za kufichua. Mwanafunzi anayejua kwamba subira huvuta heri, ajue pia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Wazee waliotunga methali hiyo ya mwisho walijua kwamba moyo unaweza kufa mwili ukiwa mzima. Anayekwenda kuuokoa moyo wake anastahili heshima ile ile anayopewa aendaye kutibiwa macho.